Kidogo nacho kina jina

Kwetu Kivu mtoto hakai bila jina. Kwa Wanande jina linasema hata nafasi ya mtoto kati ya ndugu zake: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Nyumba inaweza kuwa na watoto wengi na ugali ukawa kidogo, lakini hakuna mtoto anayeitwa "kile kingine". Tunaanza na desturi hii kwa sababu swali tunalotaka kulizungumza hapa linaonekana kuwa swali la mashine, na sisi tunaona ni swali la desturi. Kitu kidogo sana, ni nani mwenye haki ya kukipa jina? Na jina hilo limsaidie nani?

Swali lilituangukia katika mkutano wa shirika. Tuko na sanduku la msiba, sawa vile mashirika mengi: kila mmoja anatoa kidogo kila mwezi, na mwenzetu akifiwa, sanduku linanunua sanda, linalipa gari, linapika chakula cha matanga. Kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni akasimama, akaomba sehemu ya akiba hiyo iwekwe katika bitcoin. Alisema franka inaoza mikononi, na kuweka dola chini ya godoro ni kuwaita wezi. Ili tumwelewe akatuonyesha kwenye telefone yake pesa aliyotumiwa na ndugu yake aliye ng'ambo. Kwenye kioo iliandikwa 0,00025.

Mama mtunza sanduku, ambaye kazi yake ni kuuza unga sokoni, akachukua ile telefone, akaisogeza mbali na macho, akauliza: "Hii inaitwaka je?"

Kijana akajibu: "Zero virgile zero zero zero mbili tano ya bitcoin, mama."

Mama akamrudishia telefone. "Hiyo si jina, mwanangu. Hiyo ni kigugumizi."

Tulicheka wote, na kijana pia. Lakini mama hakucheka. Alisema hawezi kutunza kitu asichoweza kukitaja mbele ya wajane. Mkutano ukaisha bila uamuzi, na sisi tukabaki na neno lake. Tuliona ana haki, lakini hatukujua kwa nini ana haki. Ndiyo maana ya maandishi haya.

Pesa yenyewe

Tuseme kwa kifupi, kwa wale ambao jambo hili ni geni kwao. Tarehe 31 Oktoba 2008 mtu mmoja, au watu kadhaa, wakitumia jina la Satoshi Nakamoto, walitoa mpango wa pesa isiyohitaji banki. Januari 2009 pesa hiyo ikaanza kutembea. Haina noti wala sarafu. Kuna daftari moja tu, linalotunzwa na mashine nyingi duniani kwa wakati mmoja, na kila malipo yanaandikwa humo. Bitcoin zote pamoja hazitapita milioni 21, na kila moja inakatika katika vipande 100.000.000.

Watu wengi wanajua lile jina kubwa na hawajui hiki kinachofuata. Ndani ya mashine, hesabu yote inafanywa kwa vile vipande vidogo, vizima vizima. Humo hamna virgile. Neno "bitcoin" ni jina la fungu, kama vile tunavyosema gunia. Kitu kinachohesabiwa kweli ni punje. Kwa hiyo, zile zero zilizomfunga mama ulimi hazikuwa ndani ya kitu chenyewe. Ni waandishi wa programu waliochagua kumwonyesha mtu wa chini sehemu ya gunia la tajiri, badala ya kumwonyesha punje zake mwenyewe.

Na tusiseme kwamba ni habari ya mbali. Huko Luviro, katika eneo la Lubero, Parki ya Virunga ilianza mwaka 2020 kutumia sehemu ya umeme wa maporomoko ya maji kuendesha mashine za bitcoin, ili ipate fedha za kazi zake wakati watalii hawaji. Maji ya Kivu yanazungusha mashine hizo, katika nchi ya akina Kambale na Kasereka, ambapo kila mmoja ana jina la hesabu. Lakini Kiswahili chetu hakina neno la kuhesabia kipande kinachotoka humo. Ajabu hiyo inatosha kutufanya tukae chini tufikiri.

Wenye nayo walichagua je

Wale walioanza kutumia pesa hii walikutana na shida ile ile ya mama. Mwanzoni bitcoin ilikuwa rahisi sana, hakuna aliyejisumbua na vipande. Bei ilipopanda, kipande kikawa ndicho mtu wa kawaida anachoweza kununua. Tangu mwaka 2010 watumiaji wenyewe walianza kupendekeza majina, na lililoshinda kwa kipande kidogo kabisa ni satoshi. Kwa hiyo zile zero za kijana wetu zina jina la wazi: ni satoshi 25.000.

Tuangalie walichofanya. Kitu kidogo kuliko vyote wamekipa jina la babu wa ukoo. Pesa nyingine ya aina hii, ether, iliyoanza mwaka 2015, imefanya vivyo hivyo: kipande chake cha mwisho kinaitwa wei, kutokana na Wei Dai, na vipande vya juu yake vilipewa majina ya szabo na finney, kwa heshima ya Nick Szabo na Hal Finney, watu waliofikiria pesa za namna hii mapema. Watu wanaosema kwamba hawana desturi, kwamba wao ni watu wa hesabu tu, walipofika kwenye kutaja jina walifanya kama bibi zetu: walitafuta ndoyi. Hilo halitushangazi, linatufurahisha. Linaonyesha kwamba hakuna pesa isiyokuwa na ukoo.

Jina la pili ambalo lilijaribiwa, hasa kuanzia miaka ya 2013 na 2014, ni "bit", kwa fungu la satoshi mia moja. Kwa Waingereza neno hilo lina maana ya kipande, na ni fupi. Lakini kwetu, tuliofundishwa kwa Kifaransa, mwalimu hawezi kulisema mbele ya darasa bila wavulana wa nyuma kuinamisha vichwa chini ya meza. Msomaji anajua, hatuna haja ya kuandika. Jina zuri katika kinywa kimoja linaweza kuwa aibu katika kinywa kingine, na ile kamati ya mbali haiwezi kulijua jambo hilo.

Halafu mwaka 2025 likatolewa pendekezo jingine: kipande kidogo kabisa chenyewe kiitwe bitcoin. Mtu aliyekuwa na bitcoin moja angelala akiwa na moja, na angeamka akiwa na milioni mia moja, bila kuongeza kitu. Sisi Wakongomani tulisoma pendekezo hilo tukatazamana. Oktoba 1993 tuliona mambo hayo kwa upande mwingine: mtu alilala na zaire milioni tatu, akaamka na zaire mpya moja.

Tukiuliza watoa majina hao sababu zao, tunasikia mbili. Ya kwanza: jina linasaidia mtu kuhesabu bila kukosea zero. Hiyo ni sababu ya haki. Ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: mtu hapendi kununua kisehemu cha kitu, anapenda kuwa na kitu kizima, ukimwambia ana satoshi elfu kumi atafurahi kuliko ukimwambia ana moja ya elfu kumi ya bitcoin. Sababu hii ya pili ni ya muuzaji. Sababu zote mbili zinaweza kuzaa jina moja, na mama sokoni hatajua ni ipi iliyomletea jina hilo. Shida ya maadili iko hapo.

Sisi tulikuwa tunaita je

Tusidhani kwamba wazee wetu hawakujua mambo haya. Kandokando ya ziwa Kivu kulikuwa na butega, bangili za nyuzi za mimea zilizosukwa na Watembo wa msituni na kuvaliwa miguuni. Zilitembea sokoni pande zote mbili za ziwa. Walega walikuwa na musanga, vipande vidogo vya ganda vilivyotungwa kwenye uzi. Katanga kulikuwa na misalaba ya shaba, na ndiyo sababu msalaba huo ulichorwa kwenye sarafu za Katanga za mwaka 1961. Upande wa magharibi, mfalme wa Kongo alikuwa na nzimbu, vijiganda vilivyookotwa kwenye kisiwa cha Luanda. Katika hizo zote, jina la pesa lilikuwa jina la kitu ambacho mkono unakijua. Ukisema butega, mguu unakumbuka.

Mwaka 1967 serikali ilifanya jambo ambalo tunalisifu hata leo, ingawa kuna mengine hatuyasifu. Ilipoacha franka ikaleta zaire, haikuishia kwenye jina kubwa, ilitaja na wadogo: zaire moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja ilikuwa sengi 100. Jina la makuta lilikuwa la kale: katika nchi za Kongo na Angola lilitaja vitambaa vya rafia vilivyotumika kama pesa, na Wareno walikuwa wamelipiga kwenye sarafu zao za Angola katika karne ya 18. Sengi 10 ilikuwa sarafu ndogo ya aluminiamu yenye picha ya chui. Fikirieni: moja ya elfu ya zaire, na juu yake wameweka chui! Mtoto aliyetumwa dukani alishika chui kiganjani.

Lakini jina pekee halilindi kitu. Sengi ilikufa ya kwanza, ikafuata likuta, mwisho zaire yenyewe. Wakati franka ya Congo iliporudi tarehe 30 Juni 1998, franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000, ndiyo kusema zaire za zamani milioni 300.000. Hayo yote ndani ya miaka 31. Na franka hiyo mpya nayo ilizaliwa na watoto wake: kulikuwa na noti za sentimu 1, 5, 10, 20 na 50. Ziko wapi? Kijana aliyezaliwa mwaka 2000 anasikia habari za sentimu kama tunavyosikia sisi habari za butega.

Ni nani alilia kwenye kilio cha sentimu? Si mwenye kununua kwa gunia. Yeye bei ikisukumwa juu kidogo ili ifike kwenye noti iliyopo, hasikii. Anayesikia ni yule anayenunua kopo moja la unga leo, na kopo moja kesho, na mafuta kidogo ndani ya kifuko. Kila siku anaambiwa "hakuna ya kurudisha", anapewa bonbon, au anaambiwa apite kesho. Kila siku kidogo chake kinabaki upande ule mwingine wa meza, kwa sababu hakina jina tena, na kisichokuwa na jina hakidaiwi. Tulifundishwa shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo inasimama juu ya jambo moja: kwamba kibaba kinajulikana na wote, na kina jina. Ondoa jina la kipimo, haba itabaki haba.

Kwa hiyo tunamwelewa mama. Alipouliza "inaitwaka je", alikuwa anauliza kama kidogo hicho kinaweza kudaiwa.

Neno kadogo

Katika mazungumzo yetu wengi walisema: jina tunalo tayari, ni kadogo. Na kweli, kati ya maneno yote ya pesa yaliyozaliwa na watu bila amri ya serikali, hakuna lililotembea nchini kuliko hilo. Tunasemaka kuuza kadogo, kununua kadogo: sukari kijiko kimoja, sabuni iliyokatwa vipande, mkaa wa kupikia mara moja. Familia nyingi zimeishi kwa kadogo. Ni neno letu, Kinshasa wanalielewa, Lubumbashi wanalielewa, halihitaji kamusi. Kwa nini kipande cha bitcoin kisiitwe kadogo?

Sisi pia tulilipenda, mpaka mzee mmoja aliponyoosha mkono. Alisema: "Muko munasahau. Mwaka 1996 tuliwaita nani kadogo?"

Tulinyamaza. Wasomaji wetu hawajasahau. Kadogo walikuwa watoto waliobeba bunduki katika vita vya 1996 na 1997, viatu vya mvua miguuni, silaha ndefu kuliko miguu yao. Tuliwaita hivyo kwa upendo, karibu kwa kucheka. Na lile jina tamu lilitusaidia tusione. Kama tungewaita kwa neno zito, pengine tungeuliza mapema zaidi ni nani aliyewatoa shuleni. Kiambishi kile kidogo, ka-, kilifanya kazi ya kufunika.

Hapo tulijifunza jambo ambalo hatukulijua mwanzoni. Kuna hatari mbili, si moja. Ya kwanza ni kukosa jina: kidogo kisichotajwa kinapotea. Ya pili ni jina tamu kupita kiasi: kinachotajwa kwa kubembeleza kinatupita bila kupimwa. "Weka kadogo tu", ataambiwa mjane, "kadogo hakaumizi". Lakini kadogo ka mjane ndiko chakula chake cha wiki.

Tutoe hesabu, maana bila hesabu haya ni hotuba tu. Novemba 2021 bitcoin moja ilipita dola 68.000, satoshi 25.000 zilikuwa dola 17. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2022, bitcoin ilishuka chini ya 17.000, satoshi zile zile zilikuwa kama dola 4. Desemba 2024 ikapita 100.000, na satoshi zile zile zikawa dola 25. Aliyekuwa na subira na shibe alicheka mwishoni. Aliyefiwa Novemba 2022 alizika kwa dola 4. Maiti haingojei bei ipande. Kitu chenye kupanda na kushuka namna hiyo kinaweza kuwa kizuri kwa wengine, hatukikatazi. Lakini kukiita kadogo, neno la kijiko cha sukari, ni kusema uongo kwa sauti nzuri.

Jina na chambo

Hatari hii ya pili si ya kufikirika. Jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati walifanya bitcoin kuwa pesa ya kisheria mwezi wa Aprili 2022. Miezi michache baadaye serikali yao ikaanza kuuza pesa nyingine ya mashine na kuipa jina la Sango Coin. Sango! Ni lugha ya taifa lao zima, lugha ya mama na soko, inayosikika hata upande wetu wa mto Ubangi. Wangeweza kuiita jina lolote, lakini walichukua kile ambacho kila mtu anakipenda bila kuulizwa. Katika ahadi zake kulikuwa na uraia kwa atakayenunua ya kutosha. Agosti 2022 mahakama ya katiba ikasema hapana. Mauzo yalikuwa madogo kuliko yaliyotarajiwa, na mwaka 2023 bitcoin ikaondolewa kwenye sheria kama pesa ya lazima. Lugha ya Sango haikukosa kitu chochote, lakini jina lake lilitumiwa.

Na katika miji yetu wenyewe, ni michezo mingapi ya pesa imepita ikijiita msaada, familia, baraka, tumaini? Tusitaje. Kila mmoja ana shangazi aliyelia. Desturi yetu inasema kwamba jina la ukoo halitolewi kwa mtu aliyefika jana jioni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwanza jembe, tuone analima namna gani. Jina litakuja baadaye.

Halafu watu wenyewe wanajua kutoa jina pasipo kuomba ruhusa, na mara nyingi jina lao ni hukumu. Mwisho wa utawala wa Mobutu, 1996 na 1997, zilipotoka noti zenye zero nyingi, watu waliziita "prostate", kwa jina la ugonjwa wa rais. Hakuna banki iliyochagua jina hilo, na hakuna banki iliyoweza kulifuta. Lilikuwa jina la kweli kuliko lile lililochapwa, maana lilisema waziwazi kwamba pesa hiyo inaumwa.

Tunachopendekeza

Baada ya mikutano mitatu tumefikia mawazo haya, na tunayatoa kwa wasomaji wayapime.

La kwanza: kwa sasa tuseme satoshi, na tuseme kwa namba nzima. Satoshi elfu makumi mbili na tano, si zero virgile zero. Wengine watauliza kama si utumwa kukubali jina la kigeni. Hapana. Franka na dola zilikuja kutoka ng'ambo. Hakuna aliyeitisha mkutano, na leo bibi aliyezeeka bila kuvuka mlima wake anasema franka kama neno la mama yake. Neno la mgeni halituumizi. Na hili lina faida: linasikika kuwa ni la mgeni, kwa hiyo masikio yanabaki macho. Vijana wetu wamekwisha kulichezea, wanasema "satoshi haitoshi". Huo ni mwanzo mzuri. Watu wanaokicheka kitu wanakipima.

La pili: tusitumie majina ya ukoo, ya mababu, ya lugha zetu wala ya fadhila kwa kitu ambacho hakijafanya kazi ya jembe. Butega na makuta ni maneno yaliyokufa kwa heshima. Tusiyafukue ili yauze kitu.

La tatu: yeyote anayetaja kipande mbele ya mtu wa chini, ataje pia uzito wake kwa franka ya siku hiyo, na ya siku ile kilipokuwa chini kabisa. Jina bila uzito ni nusu ya jina. Kwa Wanande Kakule si sauti nzuri tu, linasema wa nne. Jina la hesabu liseme hesabu.

La nne: neno la mwisho ni la soko. Kama siku moja satoshi zitanunua unga, chumvi na dawa katika masoko yetu, wauzaji watazipa jina ndani ya wiki moja, na jina hilo litakuwa bora kuliko letu. Kama hazitanunua, hazikuhitaji jina la nyumbani.

Na juu ya haya yote tumepata kipimo kimoja ambacho tunaamini kinafaa hata nje ya jambo hili. Jina zuri la pesa ndogo ni lile linalomwezesha mtu mwenye kidogo kufanya mambo mawili: kuhesabu na kukataa. Jina linalomsaidia kuhesabu tu, bila kumwachia nafasi ya kukataa, ni chambo. Na pale pasipo na jina, hawezi kuhesabu wala kukataa. Anabaki kutazama kioo cha telefone na kuona aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Tulirudi kwa mama mtunza sanduku katika mkutano uliofuata. Kijana wetu, na tunamsifu kwa hilo, alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi, bila virgile hata moja: satoshi ngapi, franka ngapi leo, dola ngapi mwaka 2021, dola ngapi mwaka 2022. Mama alisoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Satoshi elfu makumi mbili na tano," akasema. "Sawa. Sasa iko na jina."

Kijana akatabasamu. "Basi mama, tuweke?"

"Ya kwako weka, mwanangu, wewe bado kijana. Ya msiba ibaki hapa. Sasa naweza kuwaelezea wajane ni kitu gani nimekataa."

Akafunga sanduku, akatia ufunguo kwenye kitenge, na tukaendelea na mambo mengine ya siku.